BARUA ZINAZONGOJA SIMU

Barua uliyoitia katika sanduku la posta hungoja mpaka ichukuliwe.

Katika miaka ya 1990, kompyuta yenye Linux iliyotumia waya wa simu ilipangwa ifanye vivyo hivyo. Mahali pengi kila dakika ya simu ililipiwa. Basi mtu aliandika barua zake kwanza, nazo zikangoja foleni ndani ya kompyuta. Kisha kompyuta ilipiga simu, ikazikabidhi zote pamoja kwa kompyuta ya kampuni ya intaneti, ikakata simu.

Lakini ilimpasa mtu aweke anwani aliyopewa na kampuni. Kompyuta ilipoandika jina lake yenyewe, lisilojulikana nje ya nyumba, barua ilikataliwa au jibu lilipotea.

Sasa jibu: Kwa nini barua zilingoja?