Je, Wajua? Maji ya Kasi na Udongo wa Mfinyanzi

Je, wajua kuwa chembe ya mfinyanzi haizidi upana wa milimita 0.002? Chembe ya mchanga mkubwa huipita mara 1,000.

Je, wajua kuwa pamoja na udogo huo, mfinyanzi ulioshikana hung'oka kwa shida kuliko mchanga laini? Chembe zake huvutana kwa nguvu za umeme, ilhali za mchanga hutegemea uzito tu. Msweden Filip Hjulström alilionyesha jambo hilo mwaka 1935 kwa mchoro unaofundishwa hadi leo.

Je, wajua kuwa mfinyanzi ukishang'oka hautui upesi? Chembe ya milimita 0.002 huchukua siku 3 hivi kushuka mita 1 katika maji yaliyotulia.

Je, wajua kuwa kuna mfinyanzi usiohitaji hata msukumo wa maji? Ni ule wenye sodiamu nyingi. Tia kibonge chake kwenye glasi ya maji safi, usikoroge. Kikizungukwa na wingu jeupe kama maziwa, usijengee lambo udongo huo kabla ya kuutibu. Jasi husaidia, kwani kalsiamu yake hushika nafasi ya sodiamu.

Je, wajua kuwa uimara wa udongo hupimwa kwa kuupiga maji? Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Stillwater, Oklahoma, walibuni kifaa kinachorusha maji wima juu ya udongo uliozamishwa. Shimo likizidi kina, maji hupungua nguvu, mpaka udongo unakataa kuliwa. Kina hicho ndicho jibu.

Je, wajua kuwa udongo uleule ukishindiliwa ungali mkavu mno huliwa haraka mara nyingi zaidi ya ulioshindiliwa ukiwa na unyevu wa kutosha?

Je, wajua kuwa huko Cornwall, Uingereza, kaolini, mfinyanzi wa kutengenezea vyombo vya kauri, ilichimbwa kwa kurushia kuta za machimbo maji yenye shinikizo kubwa? Ndani ya shimo mojawapo lililoachwa ndipo ilipojengwa bustani ya Eden Project, iliyofunguliwa mwaka 2001.

Je, wajua kuwa makorongo mengi huanzia pale maji yanapodondokea, kwenye mdomo wa kalavati au chini ya gata? Panga mawe hapo kabla ya masika. Maji yakivunjwa nguvu mapema, udongo wako utabaki shambani.