Jiki si Dawa ya Waridi

Madoa meusi ya waridi husababishwa na kuvu iitwayo Diplocarpon rosae. Ili kuambukiza, spora zake huhitaji jani lililolowa kwa takriban saa 7 mfululizo. Mvua za wilaya ya Nchelenge, Zambia, kati ya Novemba na Aprili, huzitoa saa hizo bila hesabu, ndiyo maana waridi la uani Kashikishi huweza kupukutika katikati ya msimu.

Swali linalorudi kila mvua zikianza ni vijiko vingapi vya jiki vitiwe kwenye ndoo ili kuua vijidudu vya majani. Jibu ni sufuri. Kuvu hii haikai juu ya jani ikingoja kuoshwa. Spora ikishaota, hupenya utando wa nta na kutandaza nyuzi zake chini yake, mahali ambapo jiki haifiki. Wanaofikiwa ni wakazi wa kawaida wa jani: sentimita moja ya mraba huweza kubeba bakteria milioni 1 hadi 10, mbali na hamira. Methylobacterium, kwa mfano, hula methanoli inayotolewa na jani lenyewe. Wengine hugombania chembe za sukari zilizopo, na wageni waharibifu hukosa chakula.

Anayeivuruga jamii hiyo ni kuvu wa madoa meusi. Seli za jani zikifa huvuja sukari, na walaji wa mizoga kama Alternaria na Cladosporium huongezeka kwenye doa. Hao wamefuata ugonjwa, hawakuuleta. Kumwaga jiki hapo ni kuwafukuza walinzi mwizi akiwa ameshajifungia ndani. Zaidi ya hayo, jiki huunguza jani, na matone yanayoruka husambaza spora.

Mbona basi mti huonekana kupona? Majani yenye madoa huanguka yenyewe, machipukizi hutoka safi, na sifa hupewa jiki. Mvua chache baadaye madoa hurudi. Kutumia majivu au sabuni ya unga badala ya jiki nako hakusaidii, kwani navyo havipenyi nta.

Yanayosaidia ni machache. Majani yenye madoa yachumwe, yaliyoanguka yaokotwe, yote yachomwe. Matawi yapunguzwe ili upepo upite. Maji yamwagwe shinani, asubuhi. Dawa ya kuvu iitwayo mankozebu hukinga majani mazima lakini haiponyi yaliyokwisha kuugua. Ipulizwe mapema, kwa kipimo cha paketi tu, kwani nayo huua kuvu wasio na madhara. Waridi linalougua kila mwaka ling'olewe, ipandwe aina inayostahimili.