Ryangombe: Mfalme Aliyefanywa Shetani

Mhubiri wa kilokole akishika maikrofoni hapa kwetu Batsinda, pembezoni mwa Kigali, pepo hawafukuzwi jumla jumla. Wanaitwa kwa majina. Kuna pepo wa ulevi, kuna Nyabingi, kuna Ryangombe. Vijana wanaitikia "Toka!" kwa nguvu zote, na wengi wao hawajui huyo anayetolewa ni nani. Mimi jina la Ryangombe nilikua nalo Tabora, ambako wazazi wangu walikuwa wakimbizi, na kule hakuna aliyekuwa akilifukuza.

Huko Unyamwezini kuna chama cha Waswezi, watu wa ngoma na uganga, na mkuu wa mizimu yao ni Lyangombe. Bibi yangu, Mkatoliki wa rozari, hakuruhusu tusogelee ngoma zao. Lakini homa ya mtoto ikikataa dawa za zahanati, yeye mwenyewe alijifunga khanga na kwenda kubisha hodi kwa jirani Mswezi. Ndipo nilipojua kwamba jina hili lina mipaka mipana kuliko ya nchi. Burundi nafasi yake inashikwa na Kiranga. Na jina Ryangombe ukilisikiliza kwa sikio la Kiswahili, utasikia ng'ombe ndani yake, ilhali Mnyarwanda mnyama huyo humwita inka.

Masimulizi ya Rwanda yanamweleza Ryangombe kuwa mwindaji hodari, mpenda starehe na mfalme wa imandwa, yaani kundi la mashujaa waliogeuka mizimu. Siku moja mama yake aliota ndoto mbaya akamkataza kwenda kuwinda. Alilaza mshipi wake njiani ili mwanawe asivuke. Ryangombe aliuruka akaenda. Huko porini nyati alimpiga pembe akamrusha, naye akafia kwenye mti wa umuko, ule wenye maua mekundu kama damu. Wenzake hawakukubali kubaki nyuma, wakafa pamoja naye. Tangu hapo, wazee husema, anaishi juu ya mlima Karisimbi na waliomfuata, na wasiomjua huishia kwenye moto wa volkano ya Nyiragongo.

Kumfuata kulikuwa na utaratibu wake, uitwao kubandwa. Mtu aliletwa penye mti wa umuko, akapakwa chokaa, akapewa baba na mama wa kiroho, akaapa kutunza siri. Aliingia Mhutu, aliingia Mtutsi, aliingia Mtwa. Wakati wa sherehe aliyepandwa na imandwa alizungumza kama yeye ndiye Ryangombe au mwanawe Binego, na hata mkubwa wa ukoo alimwinamia. Watu walikwenda kutafuta uzazi, afya, mifugo na ulinzi. Huo ndio uliokuwa utumizi wa jina hili: lilitajwa mtu akihitaji kitu.

Mapadri Weupe walifungua misheni yao ya kwanza ya Rwanda huko Save mwaka 1900. Walikuta dini yenye kuingizwa kwa sherehe, wazazi wa kiroho, mlima wa raha na mlima wa moto. Lau Ryangombe angekuwa mzimu mdogo wa kijiji, wangempuuza. Ukubwa wake ndio uliomponza. Mmoja wao, padri Arnoux, alichapisha mwaka 1912 maelezo marefu kuhusu chama cha imandwa, lakini kwenye mafundisho ya dini hapakuwa na nafasi ya uchunguzi: aliyetaka ubatizo aliacha kubandwa, akatoa hirizi zake, akamhesabu Ryangombe upande wa Ibilisi.

Lugha yetu ya Kiswahili nayo ilikuwamo katika kazi hiyo. Wakatoliki wa mwanzo walifundishwa kumwita Muumba "Mungu", kwa Kiswahili, na Imana ya Kinyarwanda iliingia kanisani baadaye. Shitani naye, kama Wanyarwanda wanavyotamka, ni shetani wetu wa pwani. Imana alisafishwa akakaribishwa madhabahuni. Ryangombe hakupata bahati hiyo. Mwaka 1943 mfalme Mutara wa Tatu Rudahigwa alibatizwa, na 1946 akaiweka Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Kiti cha mfalme wa roho kilikuwa kimepata mwenyewe mpya, na wa zamani akabaki na kazi moja tu, kufukuzwa.

Kumbe hata ndani ya Kanisa si wote waliotaka asahaulike. Aloys Bigirumwami, Mnyarwanda wa kwanza kuwa askofu, mwaka 1952, alitumia miaka mingi kukusanya na kuchapisha mila za nchi yake, zikiwamo za kubandwa. Alijua kwamba huwezi kuhubiria watu ambao hujui walikuwa wakimlilia nani.

Nilimweleza haya mama mwenye butiki ninakonunua maandazi. Yeye ni mlokole wa kweli, mkeshaji. Akanisikiliza, akanihesabia chenji, akauliza: "Sasa mwalimu, ni shetani au si shetani?" Nikamwambia kanisani kwake ni shetani, na sitamgombeza mchungaji wake. Ila aliyemfukuza kwa jina amekiri kwamba bado yupo. Waswezi wa Tabora hawajamfanyia zaidi ya hapo.

"Basi tuache kumtaja," akasema. Jumapili iliyofuata maikrofoni ilimtaja mara tatu.