Osteopathi na Podiatri: Njia Mbili za Utabibu Nchini Marekani

Nchini Marekani, mwenye shahada ya kwanza anayetaka kuwa tabibu anaweza kusomea osteopathi au podiatri, taaluma mbili ambazo kila moja huhitaji miaka minne ya chuo na kumpa mhitimu wake cheo cha daktari. Tofauti kubwa kati yake imo katika wakati wa kuamua: mwanafunzi wa podiatri huchagua atakachotibu siku anayojiunga na chuo, ilhali mwenzake wa osteopathi huweza kuchelewesha uamuzi huo hadi karibu na kuhitimu.

Osteopathi ilianzishwa na Andrew Taylor Still, tabibu aliyefungua chuo mjini Kirksville, Missouri, mwaka 1892, akishikilia kwamba afya ya mwili mzima hutegemea mpangilio mzuri wa mifupa, misuli na viungo. Vyuo vya leo hufundisha dawa, upasuaji na magonjwa yote kama vyuo vingine vya udaktari, na kuongeza takriban saa 200 za tiba ya mikono, yaani kupapasa, kunyoosha na kukanda viungo ili kutambua na kupunguza maumivu. Mhitimu, ambaye shahada yake hufupishwa D.O., huendelea na mafunzo ya ubingwa hospitalini kwa miaka mitatu hadi saba, na leseni yake humruhusu kutibu mwili mzima katika majimbo yote 50.

Podiatri, ambayo shahada yake ni D.P.M., ni tiba ya mguu kuanzia kwenye kifundo kwenda chini, sehemu yenye mifupa 26, ingawa sheria za baadhi ya majimbo huruhusu pia kutibu sehemu ya juu ya kifundo. Baada ya chuo hufuata miaka mitatu ya mafunzo hospitalini, ambayo kiini chake ni upasuaji. Kazi zake ni pamoja na kuondoa kucha zilizoingia nyamani, kunyoosha vidole vilivyopinda na kuwahudumia wagonjwa wa kisukari, ambao huweza kupoteza hisia miguuni na kuumia bila kujua. Ili kupima hisia hizo, tabibu hugusa wayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa shinikizo la gramu 10, na mgonjwa asiyeuhisi huhesabiwa kuwa katika hatari ya kupata vidonda vinavyoweza kusababisha kukatwa mguu.

Kwa hiyo, anayependa upasuaji na aliyekwisha kuridhika na eneo moja la mwili hupata katika podiatri njia ya moja kwa moja, lakini akitamani baadaye kutibu moyo au watoto, hana budi kuanza upya chuo cha udaktari. Mwanafunzi wa osteopathi ana uhuru mpana zaidi, ila hulazimika kushindania nafasi za ubingwa, na anaweza kukosa ule aliouota.

Anayepanga kufanya kazi nje ya Marekani azingatie pia kwamba nchini Uingereza, ambako osteopathi inasimamiwa na sheria ya mwaka 1993, mtaalamu wake hutoa tiba ya mikono tu wala si daktari wa kuandika dawa au kupasua. Ndiyo maana mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki anapaswa kuuliza mapema baraza la madaktari la nchi yake litaitambua vipi shahada anayoikusudia, kabla hajalipa karo.