Service National, P-DDRCS, HIMO: kijana wa Beni na Butembo aulize nini kabla ya kujiandikisha?

Kuanzia Oicha mpaka Lubero, neno likipita mtaani kwamba "serikali inaandika vijana", swali la kwanza ni lile lile: ni kazi ao ni jeshi? La pili linafuata mbio: watalipa?

Maswali yote mawili ni ya haki. Hapa kwetu kijana anaweza kuwa na jembe na asiwe na pa kulima, kwa sababu shamba la baba liko upande wa Mbau ao Eringeti, kule ambako watu wanauawa tangu Oktoba 2014. Mwingine ana diploma ya serikali, lakini anashinda kutwa juu ya moto ya mtu mwingine. Akisikia kuna programu ya taifa ya kupiganisha umaskini vijijini, atakimbia kujiandikisha. Ni vizuri ajue anakimbilia wapi, maana mambo matatu tofauti yanachanganywa.

Service National: jembe, lakini mbali

Service National ilianzishwa na Laurent-Désiré Kabila kwa amri-sheria ya tarehe 15 Oktoba 1997, miezi mitano baada ya kuingia Kinshasa. Wazo lake lilikuwa kuwapa vijana nidhamu, ufundi na kazi ya uzalishaji, kwanza kilimo. Iko chini ya Urais wa Jamhuri. Wakubwa wake ni askari na maisha ya kambini ni ya kijeshi, lakini si FARDC. Pia si ile Akiba ya Jeshi (RAD) iliyowekwa na sheria ya mwaka 2023.

Kituo chake kinachojulikana zaidi ni Kaniama-Kasese, jimbo la Haut-Lomami. Kule wanalima mahindi kwenye mashamba makubwa, wanafundisha useremala, uashi na ushonaji. Ndiko walikopelekwa vijana wa Kinshasa wanaoitwa "kuluna". Wakimaliza mafunzo wanaitwa "wajenzi". Wako waliotoka na ufundi mkononi. Lakini wengi wao hawakujiandikisha: walikamatwa, na watetezi wa haki za binadamu waliuliza kama kweli kila mmoja alipita mbele ya tribinali.

Kwa mkaaji wa Beni kuna jambo lingine la kufikiri. Mahindi ya Kaniama-Kasese yanasaidia soko la kule. Hayapunguzi bei ya unga Butembo, wala hayafungui njia ya shamba kule Mutwanga.

P-DDRCS: si mlango wa kila kijana

Programu hii iliundwa kwa amri ya Rais mwezi wa Julai 2021. Iliunganisha kazi mbili za zamani: kuwapokonya wapiganaji silaha, na kuimarisha usalama wa Mashariki (STAREC). Inawahusu walioacha silaha, pamoja na vijiji vinavyowapokea.

Kwa nini vijiji? Kwa sababu ya makosa ya zamani. Tangu 2004 programu zilifuatana, na mara nyingi mwenye bunduki ndiye aliyepata kitu: pesa, vifaa, ao cheo jeshini. Jirani yake aliyebaki na jembe hakupata hata mbegu. Vijana wakajifunza somo baya, kwamba njia fupi ya kuonekana na serikali ni kupitia msituni. Ndiyo maana programu ya sasa inasema hakuna vyeo vya zawadi, na faida iende kwa jamii nzima.

Kuna somo lingine, chungu zaidi. Mwaka 2013 wapiganaji waliojisalimisha huku Mashariki walipelekwa Kotakoli, kaskazini-magharibi mwa nchi, pamoja na wake na watoto. Mwaka uliofuata Human Rights Watch ilitangaza kwamba watu zaidi ya 100 walikufa kule kwa njaa na magonjwa. Waliahidiwa maisha mapya, wakasahauliwa.

HIMO: mshahara wa muda mfupi

HIMO ni kazi za mikono zinazohitaji watu wengi: kuchimba mitaro, kutengeneza barabara za vijijini, kupanda miti. Fonds Social ya RDC imezifanya Mashariki kwa pesa za Benki ya Dunia. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, zilifika pia Beni na Butembo. Mtu analipwa kwa siku alizofanya, kisha kundi lake linamaliza. Si kazi ya kudumu, na si siri: majina huchaguliwa kwa tombola mbele ya watu. Mwenye kukuomba "pesa ya fomu" ili jina lako lipite, huyo anakuibia.

Kinachobaki kijijini

Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu. Watu walitoka na jembe kwa lazima, wakarudi nyumbani bila kujua kazi ile ilimfaa nani. Lakini eneo letu linakumbuka pia kazi ya pamoja iliyozaa matunda. Université Catholique du Graben ilianzishwa Butembo mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, kwa nguvu na mchango wa wakaaji wenyewe. Tofauti ni kwamba waliofanya kazi ndio waliobaki na kitu.

Kipimo hicho hicho kitumike kwa kila programu. Kabla ya kuandika jina, kijana aulize:

- Ni nani anaandika, na barua yake imeonekana kwa meya, kwa msimamizi wa teritwari ao kwa shefu wa kijiji?
- Nitapelekwa wapi, kwa muda gani, na jamaa yangu itanipataje?
- Ni mshahara, ni posho, ao ni chakula tu? Imeandikwa wapi?
- Nikimaliza nitatoka na nini: brevet, vifaa, ao ahadi?
- Kijiji changu kitabaki na nini?

Swali la mwisho linahusu pia wale wanaobaki. Siku ishirini za HIMO zikiliwa zote, zimekwisha. Sehemu yake ikiingia kila wiki kwenye sanduku la AVEC, lile la funguo tatu, mwisho wa mwaka mwenyewe anaweza kununua mbegu za maharagi ao mbuzi wawili. Programu ya taifa inaweza kuleta jembe na pesa ya kuanzia. Usalama wa kufika shambani, huo ni deni la serikali, na hakuna fomu ya kujiandikisha inayoulipa.