Mgonjwa, Mlemavu na Mwanafunzi: Maneno na Msaada wa Shule katika Delta ya Rufiji

Majina mengi ya maradhi katika Kiswahili huanza na ki-: kifafa, kifaduro, kichocho, kisukari. Kiambishi hicho kimo pia katika kipofu, kiziwi na kiwete, ijapokuwa majina haya hupatanishwa na a- na wa- kama majina mengine ya watu. Katika lugha ya serikali yamekwisha kuupisha usemi "mtu mwenye ulemavu", uliomo katika jina la Sheria ya mwaka 2010. Badiliko hilo ni jema. Lakini yuko mtoto asiyetajwa wazi na usemi huo, naye ni yule ahitajiye tiba kila siku ya maisha yake.

Mtoto huyo huitwa mgonjwa. Neno hili lina muda ndani yake: mgonjwa hupumzika, kisha hupona na kurudi kazini. Kwa hiyo mtoto akiitwa mgonjwa, jibu la desturi ni kwamba akae nyumbani hata apone. Lakini kifafa huweza kudumu miaka mingi, na seli mundu na mgongo wazi ni hali za kuzaliwa nazo. Neno humfungia mtoto nje ya shule, tena kwa huruma.

Haja zenyewe si kubwa. Mwenye kifafa hutaka dawa isiyokosa hata siku moja, na mwalimu ajuaye kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu naye na kutomtia kitu kinywani. Hapa yafaa kutenga maneno: degedege la mtoto mwenye homa kali, ambalo watu wa pwani wamelihusisha na ndege au pepo, si kifafa, bali huenda ni dalili ya malaria kali, na hospitali haingoji. Huko Mahenge, katika bonde lile lile la Rufiji upande wa juu, daktari Louise Jilek-Aall aliyeanza kutibu kifafa karibu na mwaka 1960 alikuta wagonjwa wakiogopwa na kutengwa. Mwenye seli mundu hutaka maji ya kunywa, kukingwa na baridi, na ruhusa ya kukosa masomo bila kurudishwa darasa. Mwenye mgongo wazi huenda akahitaji mpira wa kutolea mkojo mara kadhaa kwa siku. Kwake choo chenye mlango na maji safi ni sawa na kitabu.

Njia za shule ni nne: shule ya kawaida ipokeayo wote, kitengo maalumu ndani yake, shule maalumu ya bweni, na masomo ya nyumbani au wodini. Wilaya ya Kibiti ilitengwa na Rufiji karibu na mwaka 2016, lakini katika vijito vya mikoko safari ya mtumbwi ingali ikifuata maji kujaa na kupwa, na mafuriko ya Aprili 2024 yalionyesha jinsi njia zikatikavyo. Bweni la mbali humtenga mtoto na mama ajuaye dawa yake. Basi shule ya karibu ndiyo bora, iwapo mwalimu anayo karatasi ya tabibu yenye kueleza dawa, dalili za hatari na mtu wa kuitwa, na dawa za akiba kabla ya masika.

Usemi "mwanafunzi mwenye tiba ya kudumu" ungefaa kuingizwa katika daftari la shule. Humtaja kwanza kuwa mwanafunzi, wala haumngoji apone.