Mlango Usiokuwa Katika Damu Yetu

Ndugu msomaji, je, umekwisha kusikia mtu akisema, "Damu yetu sisi watu wa Congo imezoea malaria, haiwezi kutushinda"? Mimi nimesikia mara nyingi. Baba mmoja alisema neno hilo mlangoni pa hospitali, na mtoto wake alikuwa mgongoni mwa mama, akitetemeka kwa homa siku ya tatu. Usiku ule tulimtia mtoto dawa katika mshipa, akapona. Lakini neno la baba lilibaki katika fikira zangu, kwa sababu si uongo wote. Mna kweli kidogo ndani yake, na kweli hiyo kidogo ndiyo inayodanganya watu. Basi nataka kukuelezea.

Fikiri tone la damu, dogo kama kichwa cha sindano. Ndani yake mna chembe nyekundu milioni nyingi. Kila chembe ni kama nyumba ndogo, na katika ukuta wake wa nje mna vitu vilivyosimama kama milango yenye kufuli. Vinaitwa vipokezi. Kila kipokezi kimefanywa kwa protini, na kazi yake ni kushika kitu fulani kinachopita katika damu, kama kufuli inavyokubali ufunguo wake tu.

Kipokezi kimoja kinaitwa Duffy. Ni jina la ukoo wa mgonjwa mmoja wa Uingereza, ambaye damu yake haikuganda vema, naye alikuwa ametiwa damu ya watu wengine mara nyingi. Mwaka 1950 Marie Cutbush na wenzake waliona ya kuwa mwili wake ulipigana na alama moja iliyo juu ya chembe za damu ile ya kigeni. Wakaipa alama hiyo jina lake. Mwaka 1955 Ruth Sanger na wenzake walipima damu ya watu weusi wa New York, ambao wazee wao walitolewa Afrika, wakashangaa: wengi hawakuwa na alama hiyo hata kidogo. Na huku kwetu, katika Afrika ya kati na ya magharibi, katika watu 100 wapata zaidi ya 95 wasio na kipokezi cha Duffy juu ya chembe zao nyekundu.

Pengine utauliza, je, kukosa kitu hiki ni ugonjwa? Hapana. Wala usikichanganye na ugonjwa wa SS, huo ni jambo lingine kabisa.

Sasa sikiliza habari ya malaria. Vidudu vya malaria si vya namna moja. Kimoja kinaitwa vivax. Imbu akikuuma, vidudu vyake vinakwenda kwanza katika ini, kisha vinatoka na kutafuta chembe nyekundu ili viingie na kuzaana ndani. Vivax anatafuta mlango wa Duffy. Akiukosa, mara nyingi anazunguka nje tu mpaka anakufa. Munganga Louis Miller na wenzake wa Marekani waliona jambo hili kwanza mwaka 1975 kwa kidudu cha malaria ya nyani, kisha mwaka 1976 kwa vivax mwenyewe. Hii ndiyo sababu vivax inasumbua sana watu wa Asia na Amerika ya Kusini, hata Ethiopia ambako wengi wanao mlango huo, lakini kwetu ni haba.

Na kwa nini sisi hatunao? Katika kila chembe ya mwili, isipokuwa zile nyekundu zilizokomaa, mna maandiko madogo yanayoamuru namna mwili utakavyojengwa. Neno moja la maandiko hayo huitwa jeni, na maandiko yamefungwa katika vifurushi viitwavyo kromosomu. Mwaka 1968 mwanafunzi mmoja wa Baltimore, Roger Donahue, alichunguza damu ya jamaa yake mwenyewe, akagundua ya kuwa jeni ya Duffy inakaa katika kromosomu ya 1. Wataalamu wa leo wanaiita ACKR1.

Mwaka 1995 wataalamu wa Paris waliisoma jeni hiyo kwa watu wasio na Duffy. Wakaona jambo dogo sana: herufi moja tu imebadilika, nayo haimo katika maagizo ya protini yenyewe, bali mahali pa kuwashia, mbele ya maagizo hayo. Ni kama nyumba ambayo taa zake zote ni nzima, lakini swichi ya chumba kimoja imekatwa. Chumba hicho ni chembe nyekundu. Katika mishipa midogo ya damu taa inawaka kama kawaida, na kipokezi cha Duffy kipo. Swichi hii unairithi kwa baba na kwa mama. Ikikatwa pande zote mbili, mlango haupo. Wataalamu wengi wanafikiri ya kuwa zamani sana watu wa namna hiyo walipona malaria kuliko wenzao, wakazaa watoto, hata wakawa wengi.

Hii ndiyo sehemu ya kweli katika neno la yule baba. Sasa angalia palipo na hatari.

Malaria inayoua watoto wetu si vivax. Ni falciparum. Kidudu hiki hakihitaji mlango wa Duffy hata kidogo. Kina milango mingine, na mwaka 2011 wataalamu wa Uingereza walionyesha mmoja ambao ni wa lazima kwake, uitwao basijini, nao umo katika damu yetu. Basi mtu akifunga mlango wa nyuma na kuacha wa mbele wazi, je, mwizi atashindwa? Mtoto akipata homa, mlete siku ile ile apimwe damu. Usingoje siku ya tatu.

Hata vivax ameanza kuonekana akipita penye mlango uliofungwa. Mwaka 2010 habari ilitoka Madagascar ya watu wasio na Duffy waliougua vivax. Na mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwamba katika damu ya watu wazima wa Congo, iliyokusanywa mwaka 2013 na 2014, karibu watu 3 katika 100 walikuwa na alama ya vivax, na karibu wote hawakuwa na Duffy. Vidudu vilikuwa vichache sana, lakini vilikuwamo. Kumbuka pia ya kuwa vipimo vingine vya haraka vinatafuta falciparum tu. Homa ikirudi, rudi na wewe.

Bado neno moja, kwa maana limewatia watu wengi hofu bure. Katika damu mna pia chembe nyeupe, askari za mwili. Namna moja yao ni neutrofili. Mwaka 2008 na 2009 ilionekana ya kuwa watu wasio na Duffy juu ya chembe nyekundu huwa na neutrofili chache zaidi katika damu inayozunguka, pengine chini ya 1,500 katika milimeta moja ya mchemraba, nao ni wazima. Ugonjwa ukiingia, askari zao wanakuja vilevile. Lakini hesabu zilizoandikwa katika vitabu vingi zilipatikana kwa kupima watu wa asili ya Ulaya. Kwa hiyo mtu mzima anaambiwa, "Damu yako ni mbaya," anaanza kufikiri ana SIDA, au mgonjwa wa kansa anapunguziwa dawa aliyoihitaji.

Ukipewa karatasi ya namna hiyo, usiitupe. Itunze pamoja na zile za miaka iliyopita, umwonyeshe munganga zote. Kama hesabu ilikuwa 1,200 miaka mitano iliyopita, na leo ni 1,200, na huna homa wala vidonda vya mara kwa mara, mwulize kama ndiyo namna ya damu yako tangu kuzaliwa. Kama ilikuwa 4,000, na leo imeshuka hata 1,200, basi ni habari nyingine, atafute sababu.